Maji Niliyourushia Ukuta

Bi Mwanaisha, mwalimu wangu,

Fatiha yako nimeisoma kabla ya kushika kalamu, ili usinigeuzie uso. Ungekuwa hai ungenizaba kibao.

Ukuta wetu wa gofu kule kusini unakufa. Ile michoro ya mitepe, majahazi ya kushonwa kwa kamba, waliyoikwaruza mabaharia wa zamani kwenye chokaa, ambayo mimi na wewe tumeinakili miaka sita kwa kuifuatisha juu ya nailoni, inapukutika. Kila nikifika nakuta unga mweupe chini. Jana tanga zima limebanduka. Nimelizoa kwa kanga yangu, Bi, nikalia.

Unakikumbuka kioo chako cha kabatini? Mimi nimekishika mlangoni, wewe ndani unapiga kelele, "Inamisha, Rukia! Inamisha, we mtoto, jua lilale!" Mwanga ukipita ubavuni, mikwaruzo yote inatoka. Na kila siku lazima uniambie, "Maji hapa, hata tone, haramu."

Basi baada ya arubaini yako walikuja wageni kupiga picha. Mimi, mpumbavu mkubwa, kioo nimekisahau nyumbani Ng'ambo. Jua la utosi, hakuna kilichoonekana. Nikaona haya. Nikateka ndoo pale kisimani, maji yale ya chumvi, nikaurushia ukuta. Loo! Ikatoka mitepe yote, wageni wakapiga makofi, nami nikajiona fundi.

Sasa chumvi inautafuna kwa ndani, wala haijamaliza. Nikitega sikio nasikia chokaa ikikatika kidogo kidogo.

Na watu wa ofisi ya mambo ya kale wamesema kinachouharibu ni moshi wa ubani wa akinamama wa kijijini wanaoweka nadhiri pale. Keshokutwa ofisi inatia geti na kufuli, akinamama wasiingie tena. Shoga yako Bi Pili ameniuliza, "Mwanangu, kweli ni sisi?" Nikatazama chini.

Ufunguo watanipa mimi. Upande wa kaskazini hatujaunakili hata mstari. Nikisema kweli watanifukuza, na ule utaanguka hakuna aliyeuchora. Ndiyo nikanyamaza mpaka leo, wallahi.

Lakini kesho asubuhi nnakwenda ofisini kusema kweli, mbele ya akinamama wote. Wakinifukuza, kioo na nailoni nampa Bi Pili. Nshamfundisha kuinamisha.

Kwaheri, Bi wangu. Usinisamehe bado. Ngoja kwanza nikaseme.

Rukia wako