Taa ya Njano, Barabara ya Luvungi

Jumatatu, 10 Novemba

Taa ya njano imewaka tena. Kwenda Luvungi na kurudi, inanikodolea jicho. Herufi tatu, ABS. Ni mashine ya kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Jeep hii ni kuukuu, ina ukaidi kunizidi mimi. Breki zilishika vizuri, nikaiacha taa iwake.

Tena inanifaa. Siku hizi wanajeshi barabarani wanachukua magari mazima kwa ajili ya vita, mabovu wanayaacha. Kwa hiyo sisi madereva hatuoshi magari, na mlango unaoning'inia tunauacha uning'inie. Ukimwuliza mtu hali ya gari lake, atakwambia liko mahututi.

Nilipita kumsalimu Sifa, binti yangu, kwa mumewe huko Luvungi. Tumbo la mimba limeshuka. Anasema vita bado viko mbali, anacheka. Sikupenda kicheko kile.

Jumanne, 11 Novemba

Taa imezimika yenyewe. Nilifurahi kama mjinga.

Bariyeri ya kwanza ukitoka mjini Uvira, kamba kati ya vijiti viwili. Nilikuja polepole, kama inavyotakiwa. Nikakanyaga. Hatua chache kabla ya kamba, pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu, grr grr grr, na gari likaendelea tu. Likakata kamba. Askari wawili wakaruka pembeni, wa tatu akakoki bunduki.

Walinishusha, wakanikalisha kwenye matope mbele ya abiria wangu. Nikapigwa makofi. Mkubwa wao akasema: "Siku ingine tutapiga risasi. Hatutauliza."

Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa nyumbani nilisema niliteleza nikaanguka. Mama Sifa akaenda kuchemsha maji ya kunikanda.

Jumatano, 12 Novemba

Fundi Zakaria, hapahapa mtaani kwetu Songo. "Hewa," akasema kabla hata ya kufungua boneti. Kwa Zakaria kila ugonjwa ni hewa. Tukaitoa kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja baada ya jingine, mimi nakanyaga, yeye anafungua na kufunga. Mafuta ya breki mapya. Plakete za mbele, zile pedi zinazobana gurudumu, zilikuwa zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Vipuri havishuki tena kutoka Bukavu, nilikuwa navumilia. Akapata nyingine zilizokwishatumika, akazifunga.

Pedali ikawa ngumu, safi. Nikalala mchana bila wasiwasi.

Alhamisi, 13 Novemba

Si hewa.

Nimejaribu kwenye barabara ya ziwani, wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, wakaacha kazi kunitazama. Nikikanyaga nikiwa mbio, linasimama. Nikikanyaga polepole, mwisho kabisa, pale ambapo gari lolote husimama lenyewe, linaachia. Yaani linanitii pasipo na bariyeri, penye bariyeri linaniuza. Nilimwambia Zakaria maneno yasiyofaa. Akanijibu kwamba gari halina kosa, ni mimi ninayekanyaga kwa woga. Hatukuagana.

Watu wa Katogota wanashuka na magodoro kichwani. Kutoka Katogota hadi Luvungi ni karibu. Sifa amepiga simu, leo hacheki. Anataka nimfuate. Mumewe Prosper ni mwendesha pikipiki, lakini kwa hali aliyo nayo Sifa pikipiki haimfai, na magari yanayoshuka yamejaa hadi juu ya paa. Nikasema nitakuja. Sikusema kwamba breki zimenigomea.

Ijumaa, 14 Novemba

Milio ya risasi tangu alfajiri, upande wa juu wa bonde.

Taa imewaka tena. Nikatoka na gari kwa hasira tu. Polepole, nikakanyaga. Likasimama palepale, kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu.

Nikazima injini nikafikiri. Jumatatu ilikuwa inawaka, breki nzima. Jumanne ilizimika, kamba ikakatika. Jana ilikuwa imezimika, linaachia. Leo inawaka, linashika. Muda wote nimeogopa kuwaka kwake, kumbe hatari ni ikizimika.

Nimekwenda kwa Zakaria kumwomba radhi. Hilo liliniuma kuliko makofi.

Jumamosi, 15 Novemba

Zakaria ameunganisha matundu mawili chini ya dashibodi kwa kipande cha waya. Taa ikapepesa, ikatulia, ikapepesa. Anasema ndivyo gari linavyotaja linapoumwa. Gurudumu la mbele, kushoto.

Akalifungua. Mle ndani kuna kapteri, kidude chenye sumaku kinachosikiliza gurudumu likizunguka na kupeleka habari kwenye kompyuta ya breki, ordinateri. Kilikuwa kimeota ndevu. Unga wa chuma, wa zile plakete zilizokwisha, umeng'ang'ania sumaku.

Zakaria: "Ukienda polepole, sauti yake inakuwa kidogo, haisikilikane tena. Ordinateri inawaza gurudumu imejifunga, njo inaachilia fren, breki yenyewe. Inawaza iko inakusaidia."

Na taa ikiwaka, maana yake kompyuta imejiona imechanganyikiwa, imejitoa kazini. Zinabaki breki za kizamani, mguu na mafuta.

Akakipangusa kwa kitambaa, anafurahi. Gari limepona, taa haitawaka tena. Hapo ndipo nilipoogopa. Jana jirani yetu alinyang'anywa pikapu yake, nzima, inang'aa. Nitamleta vipi Sifa kama gari litachukuliwa njiani? Nikamwambia Zakaria aniondolee na fyuzi ya ABS, taa iwake muda wote. Akanitazama kwa huzuni. Ameshinda akiponya, mimi namwomba amrudishie mgonjwa homa yake.

Ameitoa. Akanionya jambo moja: penye matope nisikanyage kwa nguvu, magurudumu yatajifunga yote na usukani hautanisikia. Fyuzi nimeitia mfuko wa shati.

Jumapili, 16 Novemba

Misa sikwenda. Mama Sifa ameniombea barazani, kwa sauti, ili nisikie.

Bariyeri zote za kwenda nilisimama vizuri. Ile ya kamba, nilisimama mbali mno, wakanicheka. Wacheke.

Luvungi nusu ya nyumba zimefungwa. Sifa alikuwa tayari, ameketi juu ya furushi lake. Nilimwambia Prosper apande. Akakataa. Vijana wanashushwa barabarani, wengine wanabebeshwa mizigo ya vita, wengine hawaonekani tena. Yeye atapita njia za mashambani hadi mto Ruzizi, avuke upande wa Burundi, aje Uvira kwa kuzunguka. "Papa, enda naye. Minye nitakuja nyuma." Sikumbembeleza. Alikuwa anasema kweli, nami nilitaka kuondoka.

Mvua ikatukuta njiani. Bariyeri ya tatu, sajini mmoja akaja dirishani, akataka ufunguo.

"Chef, iko mugonjwa ya fren," nikasema. "Angalia taa."

"Bote munasema iko mugonjwa. Shuka."

Nikashuka. Sifa alikuwa kiti cha nyuma, akakataa kushuka. Amekishika kiti kwa mikono miwili, hatoki. Sajini akasema basi, akaketi penye usukani, akaondoka naye. Barabara pale ni matope matupu. Nikaona anaongeza moto. Nikajua anataka kufanya nini, kuzijaribu breki. Nikapiga kelele akanyage polepole. Hakunisikia.

Akakanyaga kwa buti. Magurudumu yakajifunga yote manne. Gari likateleza moja kwa moja, amekata usukani, nalo haligeuki, mpaka likaingia pua kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga.

Nilikimbia. Sikumwita Mungu, nilimwita Sifa. Alikuwa ameketi palepale, paji la uso limevimba, mikono tumboni. Mtoto anacheza, akasema. Hilo tu.

Sajini alitoka amelowa hadi magotini. "Mzee, gari ya namna hii njo unabebea mutoto yako?"

"Siko na ingine, chef."

Akaita wenzake, wakalisukuma hadi barabarani. Akanirudishia ufunguo. Akasema niliondoe jeneza lile mbele ya macho yake.

Jumatatu, 17 Novemba

Naonyeshwa mgongo tu. Sifa hajanisemesha tangu jana. Amejua kwamba nilijua. Zakaria alinionya, nami nikampandisha vilevile.

Barabara ya Luvungi imefungwa. Simu ya Prosper haipatikani.

Jumatano, 19 Novemba

Sifa amejifungua salama. Mvulana. Mama Sifa alipiga vigelegele, halafu akamkumbuka Prosper, akavikatisha.

Jumapili, 23 Novemba

Kumetulia leo. Mvua kidogo asubuhi, kisha jua.

Jana askari walipita Songo wakitafuta magari. Mmoja akawasha la kwangu, akaona taa, akalizima, wakaenda zao. Zakaria anataka kurudisha fyuzi, gari lile linamwaibisha mbele ya wateja. Nimemwambia angoje. Mama Sifa akifua shati langu anaitoa fyuzi mfukoni, shati likikauka anairudisha. 

Prosper bado. Wanaovuka kutoka Burundi tunawauliza kila siku. Mtoto hana jina. Watu wamependekeza la babu, la mjomba, Sifa anasema jina litatoka kwa baba yake.

Mchana huu alikuja akasimama karibu na gari, mtoto mikononi. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ile. Akauliza, barabara ikifunguliwa, kama jeep itafika Luvungi kumtafuta Prosper.

Nikaigusa fyuzi mfukoni, nikamwambia breki ziko sawa.