Kiti Chako, Dada Verda

Dada yangu Verda,

Shikamoo. Nakuamkia mapema maana nakujua, usipoamkiwa barua unaiwekea kikombe cha kahawa juu. Jua la huko Arizona linawatendeaje wewe na shemeji? Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko yule kijana wa televisheni.

Habari kubwa hapa ni uwanja wa mpira wa kikapu. Tangu msimu uishe, chuo wameufunga wanaukarabati, wameuzungushia mabati, na mji mzima tunapita hapo tumerefusha shingo kama bata. Huyu anasema wanaweka ngazi za umeme, yule anaapa sakafu inang'olewa. Mchungaji aliwaombea mafundi kanisani, kisha akawauliza chini kwa chini ubao wa matokeo utakuwa mkubwa kiasi gani.

Mimi nikaona uvumi haunishibishi. Nikavaa kofia ngumu ya baba ya kiwandani, nikashika futi kamba, nikaingia nimenuna. Mtu aliyenuna na futi kamba mkononi hakuna anayemuuliza kitu. Fundi mmoja hata aliniomba radhi kwamba kazi imechelewa. Nikamsamehe.

Dada, ndani hupajui tena. Mabenchi yote yametolewa. Chini yake walikuta meno ya bandia, maganda ya karanga ya enzi za baba, na kiatu cha kike, kimoja tu, chekundu. Siku nzima nimejiuliza yule mama alirudije nyumbani, na alimdanganya nini mumewe.

Badala ya benchi wanafunga viti, kila mtu na chake, chenye mikono miwili kama cha daktari wa meno. Kwenye benchi akija mnene tunasogea. Kiti hakisogei. Nikaona wazi kwamba safu yetu haitatutosha.

Nikaenda ofisi ya tiketi. Binti wa pale, Kaylin, huku anatafuna jojo, akanituliza kwamba viti viwili vya baba, changu na chako, vinabaki palepale. Nikauliza, na Nedra Kratzer je? Unamkumbuka Nedra, mjane wa Dwight muuza matrekta, anayekaa mkono wangu wa kulia na kumtukana refa kwa sauti ya kwaya. Kaylin akasema huyo anahamishiwa juu kabisa, karibu na paa.

Sasa mimi na Nedra tumekaa bega kwa bega tangu mke wangu Imogene yu hai. Tukishinda ananikumbatia, tukishindwa ananikanyaga. Nje ya uwanja tunasalimiana dukani tu, kila mtu na kitoroli chake. Nikajiuliza, huyu akipandishwa juu, nitamwona wapi?

Nikamwambia Kaylin kiti cha dada yangu kiko kitupu miaka yote, kazi yake kubeba koti langu na bisi, basi apewe Nedra. Akasema haiwezekani, viti vya urithi havitoki nje ya familia. Ndipo mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema Nedra ni mchumba wangu. Mtoto wa watu akaruka kutoka nyuma ya meza, akanikumbatia na jojo lake.

Sijafika nyumbani, mji umeshajua. Kinyozi akaniuliza kama moyo utahimili. Nedra naye akaja na gari, akasimama mlangoni mikono kiunoni, nikajua leo nazikwa. Akaniambia we Arlo, mzee mzima huna haya, miaka yote nakungoja uniulize, halafu unakwenda kumuuliza binti wa tiketi kwanza! Nikamuuliza palepale. Akasema ndiyo, ila ninyoe nywele za masikioni.

Sasa dada, kaa chini. Harusi siogopi kukuambia, Imogene mwenyewe angecheka. Ninachoogopa ni hiki: nilishatia saini Nedra apewe kiti chako. Najua hujakikalia tangu uhamie huko. Najua pia hapa kwetu watu wanaachana, wanagawana nyumba bila neno, kisha wanapelekana kortini kwa ajili ya tiketi. Nedra alipojua kiti ni chako, uso ukambadilika. Akasema hakalii kiti cha mwanamke aliye hai ambaye hakuulizwa, na kwamba mimi nina tabia ya kuwauliza watu mwisho.

Basi nakuuliza. Ukikubali, mpigie simu mwenyewe, maana mimi hataniamini. Ukikataa, kiti ni chako, sikigusi, na undugu wetu uko palepale. Ila changu nacho kitabaki kitupu. Nimeshamwambia Kaylin aniwekee nafasi kule juu, karibu na Nedra. Kutoka huko wachezaji wanaonekana kama sisimizi wanaogombea njegere, lakini Nedra ana macho mazuri. Atanisimulia.

Nisalimie shemeji Floyd, umwambie apunguze chumvi. Nedra anakusalimu, kwa woga kidogo.

Mimi mdogo wako, mtukutu yuleyule,
Arlo