Ubao wa Tano

Elisante, rafiki yangu,

Naandika nikiwa kitandani, kwa hiyo utanivumilia mwandiko. Hilo ni kosa dogo. Lile kubwa unalijua, ila hukuwahi kulisikia kutoka kwangu, na umelala udongoni mwaka wa tatu sasa.

Ni habari ya ile meza ya usharika. Wazee wa kanisa, nawe ukiwa mmoja wao, walitaka meza moja ndefu ya baraza, watu kumi na sita waizunguke. Ulizilaza mbao za mringaringa sakafuni, pale karakana yetu ya Sekei, ukazizunguka siku mbili kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Unagonga kwa kidole, unasikiliza, unageuza: huu moyo wa mti uangalie juu, unaofuata uangalie chini, ili meza isije kujikunja. Nilikutania kwamba nimefundisha ufundi shuleni miaka yote ile na sijaona kitabu kinachosema ubao unaongea. Ukanijibu, "Unaongea, Mwalimu. Shida yenu wasomi mnataka uongee Kiingereza."

Ulitenga ubao mmoja tu, ule wenye mawimbi mazuri, uliotoka kwenye mti wa shamba la baba yangu. Ulisema bado una maji ndani, uachwe mpaka kahawa ivunwe. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilitaka kitu cha nyumbani kwetu kikae katikati ya meza ile, wajukuu waje waonyeshwe.

Ukaenda Momela kumzika shemeji yako. Siku tatu. Nikatoa ubao wako wa tano, nikaweka wangu. Niliranda kingo, nikapaka gundi, nikakaza klampu, na kabla hujarudi nikapiga vanishi ili usiweze kuubandua. Uliporudi ulipitisha kiganja juu ya meza, polepole, kikafika ubao wa tano kikasimama. Ukanitazama. Mimi nikainama, nikaanza kufagia maranda.

Kiangazi kilipoingia ubao wangu ulinywea, kiungo kikaachia, kalamu ikawa inadondoka chini kupitia ufa. Mzee mmoja alisema meza inapiga miayo kwa sababu vikao ni virefu, watu wakacheka. Mwingine akasema siku hizi Elisante anachagua mbao kwa harufu ya mbege. Hapo hakucheka mtu. Wote walikumbuka ulivyokuwa ukinywa zamani, na wote walijua ulishaacha.

Tukaitwa mbele ya baraza. Tulikaa benchi moja, magoti yakigusana. Mchungaji akauliza nani alichagua mbao. Nilikuwa nafungua mdomo, Elisante, au labda ndivyo ninavyojidanganya. Ukaniwahi.

"Mbao nilichagua mimi."

Wakakuvua uzee wa kanisa. Wateja wakawa wananiuliza pembeni kama fundi yuko sawa kabla ya kutuachia kazi yao. Ukahama, ukaenda Ngaramtoni kutengeneza mizinga ya nyuki na milango ya mabanda, ila Jumapili ulirudi kusali usharikani kwetu. Sikukufuata. Hata siku ya mazishi yako nilipewa kusoma wasifu, nikaisoma karatasi, nikauruka mwaka ule.

Sasa mapafu yangu yamechoka. Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Wiki iliyopita nilimwomba binti yangu anipeleke kwa mkeo, Mama Neema. Nilishika jani la isale, kama ninyi Wachagga mnavyofanya mkienda kuomba msamaha. Alilipokea kwa mikono miwili. Nilidhani nampelekea jambo geni.

"Tunajua, Mwalimu," akasema. "Alikuwa anakungoja. Kila Jumapili akitoka kanisani namuuliza, amesema? Ananiambia, bado."

Kila Jumapili. Na mimi nilikuwa nakupa mkono pale mlangoni, nakuuliza habari za nyumbani.

Chai yake ilinishinda kuinywa. Akasema yeye amenisamehe, lakini jina la mume wake halikuharibiwa sebuleni kwake, liliharibiwa usharikani, huko ndiko nikalisafishe.

Nimezungumza na mchungaji aliyepo sasa. Amenipa nafasi Jumapili hii, baada ya matangazo. Binti yangu anaogopa nitaanguka. Nimemwambia alete kiti. Nitautaja mti wa shambani kwetu, nitazitaja siku tatu ulizokuwa msibani, nitasema hukuwa umeonja pombe. Kisha nitasema nilivyokaa kimya, na hilo ndilo litakalonichukua pumzi nyingi. Mama Neema na watoto watakaa benchi la mbele. Nimeomba iwe hivyo, nisipate pengine pa kutazama.

Pumzika, fundi wangu. Siku ile ulijibu kwa ajili yangu. Jumapili nitajibu mwenyewe, na pumzi ikikatika njiani, binti yangu atakuwa na barua hii mkononi. Ataimalizia kwa sauti.

Mwenzako wa karakana,
Mwalimu Anaeli