Siku Karani Alipotolewa Kizazi

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumapili alasiri, mvua ikinyesha

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, pamoja na harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi, maana ndiyo inayonizunguka ninapoandika. U hali gani? Unalala? Unakula chakula kilichopikwa, au bado unafungua makopo na kula umesimama? Ile baridi ya huko imepungua, au bado mnakwenda kwenye mitambo yenu ya umeme mmejivika kama magodoro? Nijibu yote, moja moja. Usiniandikie "mzima" halafu ukanyamaza.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu unanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini huo nimeshauzoea, ni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Shemeji yako anakula vizuri na anabisha vizuri. Tangu astaafu uuguzi, nyumba nzima imekuwa wodi yake. Nikipiga chafya tu, ameshanishika mkono anasikiliza mapigo. Mvua imeanza asubuhi, ile nyepesi isiyo na haraka, na chumba kizima kimeingia usingizi. Nimeandika mistari hii michache kwa muda ambao ningeshona koti zima.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hukai. Nikitaja tu jambo la nyumbani, unasema "sawa dada," na mara umekata simu. Barua huwezi kuikata. Ukiikunja na kuiweka, itakungoja mpaka utulie.

Habari yenyewe ni ya Karani. Nilipokupigia kukuambia kwamba anaumwa, na kwamba daktari anataka kumpasua, ulisema tu, "Fanya utakavyoona." Najua kwa nini. Sungura huyu alilelewa na mkono wa marehemu mkeo. Wifi yangu ndiye aliyemleta humu kwenye kikapu akiwa hajazidi ngumi, ndiye aliyempa jina kwa ajili ya zile duara nyeusi machoni, kama miwani, na kwa ile tabia yake ya kutafuna kila karatasi inayopita mbele yake. Na wifi tulimpoteza kwa ugonjwa wa kizazi uliogundulika wakati hauna tena dawa. Sasa huyu naye, kizazi hichohicho. Uliponiachia uamuzi uliniachia mzigo, na nikaubeba. Sikulaumu.

Mwanzoni hata hatukujua kwamba ni ugonjwa. Karani alianza kuingia kwenye droo ya chini, ile ninayowekea vipande vya vitambaa, akibeba nyasi kavu mdomoni zimechomoza huku na huku kama masharubu. Akapanga, akapangua, akapanga tena. Kisha akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika juu. Mdogo wangu, mimi ni fundi, lakini kile kiota nilikitazama kwa wivu. Jua la mchana lilikuwa likiingia dirishani mpaka ndani ya droo, na yale manyoya yanapumua yenyewe bila upepo.

Nikasema ana mimba. Shemeji yako akaniuliza mimba ya nani, wakati hajawahi kumwona dume hata kwenye picha. Sikumjali. Kwa siku kadhaa nilitembea kwa ncha za vidole na kushona kwa mkono ili cherehani isimsumbue mzazi. Nilikuwa nimekwisha kuwagawa watoto: wawili wa mteja wangu mwalimu, mmoja wa fundi viatu wa jirani. Nilikaa pale nikingoja vitu ambavyo havipo, na nakwambia kweli, nilikuwa na furaha.

Hawakuja. Akakiacha kiota, baada ya muda akajenga kingine, nacho akakiacha. Halafu asubuhi moja nikaona wekundu kwenye kitambaa cheupe anacholalia. Nilikikunja, nikamtia Karani kikapuni, tukampeleka kliniki.

Daktari wa mifugo ni binti mrefu, anaongea taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Alimpapasa Karani tumboni huku amefumba macho. Akatueleza kwamba sungura jike asiyezaa na asiyetolewa kizazi, umri ukisogea, hupata uvimbe humo ndani mara nyingi kuliko tunavyodhani, na kwamba zile mimba za uongo ni mwili unajidanganya wenyewe. Alihisi kitu kimekaza. Hakunificha pia kwamba sungura ni waoga, na wengine hawaamki kwenye dawa ya usingizi. Nikamwambia anipe muda. Ndipo nikakupigia.

Fundi viatu aliposikia, alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. "Dada, huyo si mgonjwa, huyo ni kitoweo kilichochelewa." Nilicheka pia, kisha nikafika nyumbani nikakasirika, na viatu vyangu nikavipeleka kwa fundi mwingine. Nikapiga moyo konde. Nikampigia daktari nikamwambia apange siku.

Maelezo alipewa shemeji yako, maana ndiye aliyepokea simu. Karani asibadilishiwe chakula, asishtuliwe, aletwe na taulo lake lenye harufu ya nyumbani. Basi. Shemeji yako akakata simu akitikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi. Amesahau kuniambia mgonjwa afunge." Kwa hiyo jioni ile akamfungisha yeye mwenyewe. Akaondoa nyasi, akaondoa bakuli la maji, akaketi mlangoni na gazeti lake kama zamani alipokuwa akilinda wagonjwa wasiletewe chakula na ndugu zao kwa mlango wa nyuma. Karani alimtazama kwa miwani yake, akanitazama mimi. Nami nilimwamini shemeji yako. Mtu ameingiza nusu ya mji huu chumba cha upasuaji, ningembishia nini?

Asubuhi tulifika tumevaa vizuri, utadhani tunakwenda kuposa. Daktari akauliza Karani amekula nini.

"Hajaonja kitu tangu jana, daktari," akajibu shemeji yako, kifua mbele.

Yule binti akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, sungura hafungishwi. Mtu hufunga ili asitapike akiwa usingizini, lakini huyu hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo hilo tusiliogope. Cha kuogopa ni tumbo lake kusimama. Likisimama, litamuua kabla ya kisu changu."

 Shemeji yako alisimama, akatoka nje. Nilidhani amenuna. Nilipochungulia dirishani nikamwona ameinama kando ya ukuta katika shati lake la heshima, mvua inamnyea, anachuma majani mojamoja na kuyanusa. Akarudi na konzi mbili, magoti yana matope. Nimeishi naye miaka mingi na nadhani sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale.

Daktari akawatanguliza wagonjwa wengine, nasi tukakaa kwenye benchi la ukumbini tukimlisha Karani jani kwa jani. Kulikuwa na kuku mgonjwa ndani ya boksi na mbuzi aliyefungwa bandeji, na wote walikuwa kimya. Mwanga wa pale ndani ulikuwa wa kijani kwa sababu ya rangi ya kuta, tukawa kama watu waliokaa chini ya maji. Karani akatafuna polepole, tumbo likaanza kunguruma, daktari akaja akalisikiliza akatabasamu. Adhuhuri akamchukua. Mimi nilibaki na taulo.

Daktari aliturudishia Karani akiwa hai, amelegea kama soksi, mshono mdogo tumboni na nyuzi zimefichwa ndani kwa ustadi ambao hata mimi sikuuonea dosari. Akatupa maagizo, na safari hii shemeji yako aliyasikiliza kama mwanafunzi. Alale chini, pasipo pa kurukia. Asitandikiwe maranda ya mbao, yataingia kidondani, atandikiwe kitambaa safi. Apate joto lakini asiokwe. Dawa ya maumivu apewe hata akionekana mzima, maana sungura huficha maumivu. Na ale. Asipokula, apewe uji wa majani kwa bomba lisilo na sindano, kidogokidogo, pembeni ya mdomo. Tukikosa kuona kinyesi, turudi mbio.

Ili asilambe kidonda, nikamshonea fulana ya pamba kwa shuka kuukuu. Ya kwanza ilimbana makwapa. Ya pili akaitoka kama mtu anayevua koti. Ya tatu ikamkaa, ina matundu manne na kamba mgongoni, na usinicheke, niliitilia ukosi.

Lakini Karani hakula. Alikaa ameelekea ukutani, amejikunja, akisaga meno. Nyasi hataki, karoti hataki. Ule uji tulimpa kwa bomba, mwingine ukaingia, mwingine ukabaki kwenye ukosi. Shemeji yako alitambaa sakafuni na miwani puani akitafuta kinyesi chini ya meza, chini ya cherehani, akainuka mikono mitupu. Nikaona uso wake wa wodini, ule wa kumwambia mtu habari mbaya. Maji yalinifika shingoni. Nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya kukuambia, na kila nikiyapanga yanaanguka.

Kesho yake mchana nilijilaza sakafuni kando yake, mkono wangu mgongoni mwake, usingizi ukanichukua. Nikamwota wifi. Alikuwa kwenye ile meza yangu ya kukatia, anachambua mnanaa, anang'ata ncha za vikonyo kama alivyozoea. Hakunisemesha wala hakunitazama. Alikuwa anafanya kazi yake tu, na chumba kilikuwa na mwanga mwingi, na sauti ya kutafuna ikawa inaendelea, krap, krap, mpaka nikaanza kusikia kwamba iko karibu mno na sikio langu.

Nikafumbua macho. Karani alikuwa anatafuna karatasi niliyochorea gauni la mwalimu. Mkono mzima wa kushoto alikuwa ameshaumaliza na anaingia begani. Sikumnyang'anya. Nilimwita shemeji yako kwa kunong'ona, naye akaja na mnanaa, akamsogezea. Karani akaunusa, akaiacha karatasi, akaula mpaka kikonyo. Jua lilipoanza kushuka shemeji yako alikuwa amesimama dirishani, ameshika kidonge kimoja cha kinyesi juu ya kiganja, akikigeuzageuza kwenye mwanga kama sonara. Alikuwa analia, akaniambia ni mafua.

Tangu hapo amekuwa akila. Manyoya ya kifuani yanarudi, ya tumboni yanaota mafupi na laini kuliko ya zamani. Hajengi tena viota. Droo nimemwachia wazi, naye huenda kulala tu humo mchana, chali, miguu juu, bila kazi.

Jana tulimrudisha kukaguliwa kidonda. Daktari akaridhika, kisha akatuambia alichokikuta siku ile. Uvimbe ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa bado mdogo, haujatoka nje ya kizazi, na umeondoka nacho. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mmewahi."

Neno hilo lilinifuata njia nzima. Shemeji yako alibeba kikapu na mimi nikashika mwavuli, tukapita mtaa wa mafundi seremala, tukapita duka la vioo. Nilijua sote tunamfikiria mtu mmoja.

Mdogo wangu, nisikilize. Wifi alituficha maumivu yake. Alisema ni tumbo tu, akacheka, akaendelea na kazi, na shemeji yako muuguzi alikuwa anakula naye meza moja na hakuona. Mimi nilikuwa nampima nguo na sikuona. Wewe ulikuwa mbali na ulimwuliza kila ulipopiga simu, naye akakujibu mzima. Yeye hatukumwahi. Si kwa sababu hatukumpenda, na si kwa sababu ulikwenda kazini. Nimekuona ukijihukumu tangu siku ya mazishi, na najua ndiyo sababu hujavuka kizingiti cha nyumba hii tena. Mimi nimechoka kukupoteza na wewe ungali hai.

Huyu tumemwahi. Nilitaka ulisome neno hilo kwa mwandiko wangu, ulisome mara nyingi utakavyo. Na likizo yako ikifika, usiniulize kama uje. Njoo ukae nasi, ulie hapa ambapo yupo mtu wa kukusikia.

Shemeji yako anakusalimu, na anasema ukija utakuta amekuwa bingwa wa sungura. Mama anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi. Mwalimu anakusalimu, gauni lake nimelikata upya. Fundi viatu naye anakusalimu, tumepatana, alileta majani ya karoti bila kuombwa. Mwenyezi Mungu akulaze salama na akuamshe salama huko kwenye baridi, na akulinde na nyaya zako.

Ni mimi dada yako, akupendaye na akungojaye,

Fundi wa nguo zako zote