Matamshi ya Dada

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mzima, nashukuru. Nimetolewa kwenye kufua mashuka, sasa ni karani wa wodi! Jumatatu ijayo nitasoma ripoti ya wagonjwa mbele ya madaktari wote. Ila naogopa matamshi. Lugha yetu hutamkwa kama inavyoandikwa, lakini maneno ya hospitali yana herufi za mapambo. Wewe umesomea uuguzi. Hili la mapafu, "pneumonia", hiyo P naifanyaje? Nijibu upesi nisije nikaumbuka.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, miguu ya mama ni ile ile, namkanda kila siku. Hongera, wengine tuna vyeti na bado tuko nyumbani. Wasiwasi wa nini? "Nimonia" ni ya sokoni. Mbele ya madaktari tamka kila herufi: pi-ne-u-mo-ni-a. Tena paza sauti, wajue umesoma.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili tu. Nilipaza sauti. Daktari mkuu akavua miwani, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia, nikidhani amependezwa. Wodi nzima iliangua kicheko. Hata mgonjwa mwenyewe alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Sasa naitwa Pineumo, mpaka jikoni. Au nilikusoma vibaya?

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Hukukosea. Hao wana kijicho tu, shikilia hapo hapo. Nasikia hapo kwenu anatafutwa muuguzi. Naambatanisha maombi yangu na cheti halisi. Mpe matroni, msimamizi wa wauguzi, mkononi, unisemee vizuri. Nimechoka kukaa.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Natumai u mzima. Mama mwambie namsalimu.

Nilimpelekea matroni bahasha yako, nikamwambia ni ya dada yangu aliyesomea uuguzi. Akauliza, "Huyu ndiye aliyekufundisha kutamka?" Nikamwonyesha barua zako, nikitaka ajue sikujitungia. Akazisoma, kisha akafungua cheti.

"Magonjwa ya kifua, alama za juu kabisa," akasema. "Mtu wa alama hizi hawezi kukosea neno hili."

Hapo ndipo nilipokuelewa, dada.

Matroni akaniuliza, "Ama alikudanganya makusudi, ama cheti hiki si chake. Lipi?"

Ningesema la kwanza, ungekosa kazi hii moja tu. Nilikumbuka kile kicheko.

Nikamwambia, "Dada yangu hana roho hiyo, matroni. Hajui tu."

"Kwa hiyo cheti si chake?"

Nikainamisha kichwa.

Amekizuia. Kimepelekwa kwa wakubwa wa wauguzi, na jina lako halitapokelewa hospitali yoyote mpaka wamalize uchunguzi. Matroni anasema huchukua miaka.

Najua ni chako. Mimi ndiye niliyeacha shule nikakufulia sare wakati unakisomea.

Mdogo wako