Giaboksi ya Kulia

Guangzhou

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Baada ya hiyo, shikamoo, na uipokee mara mbili. Sababu ya ile ya pili utaiona mbele. Magoti yanaendeleaje? Mama aliniambia baridi ya kusi imeyaanza tena. Yale mafuta niliyotuma unajisugua, au umempa paka? Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi, ila kichwa si changu tangu jana. Naandika juu ya mzigo wa madera, kwa hiyo ukiona herufi zinacheza usidhani ni macho yako. Na hilo neno la macho yako ndilo lililonikalisha chini na karatasi.

Najua utashangaa kuona barua wakati watu siku hizi wanapiga simu tu. Lakini simu ndiyo niliyoitumia kukuvunjia heshima, nikaona haistahili kulibeba jambo hili kwanza. Nimempata msafiri wa Tanga pale Tianxiu, lile jengo la ofisi za wasafirisha mizigo, ameniapia kwamba ataifikisha mkononi mwako.

Sasa sikiliza. Unajua nimepanga chumba Kangle, humu kwenye vichochoro vya viwanda vya nguo, karibu na vitambaa na madera yangu. Nyuma ya nyumba kuna mfereji mpana, na hapo mzee mmoja jirani, Mzee Liang, hufunga boti yake. Boti kuukuu ya chuma, zamani ilibeba mchanga, siku hizi inabeba vyungu vya michungwa midogo ambayo watu wa huku huweka milangoni mwaka wao mpya ukifika. Juzi asubuhi nafunga mzigo, nikasikia injini inanguruma huko chini mpaka vioo vinalia, na boti haiendi. Inanguruma, inatulia, inanguruma tena. Baba, nilishindwa kuendelea na mzigo. Fatma, mwenzangu wa chumba, Mmombasa, akaniona natafuta kandambili.

"Waenda wapi?"

"Kuna giaboksi inaumwa hapo chini."

Akaangua kicheko. "Wewe muuza madera, leo wataka kufufua maiti za watu?"

Nikashuka. Mzee Liang kashika mkono wa gia, anausukuma, anaurudisha, anamtukana sijui nani. Nikamwashiria kwamba nataka kuingia. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, akasema, "Meiyou, meiyou." Yaani hakuna, hapana. Ndilo neno la kwanza tunalolijua wafanyabiashara wote hapa, maana kila duka utajibiwa hilo. Ukiondoa "mei" inabaki "you", maana yake ipo, tunayo. Lishike hilo "you", Baba, tutalirudia.

Niliingia hivyo hivyo. Nikafanya ulivyonifundisha: spana baadaye, kwanza pua na masikio. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, safi. Cha giaboksi, oili nyeusi tii, inanuka ukoko. Waya wa gia nikaukuta umeshika vizuri, haujakatika wala haujalegea. Nikamwambia kwa mikono aweke gia ya mbele, nikachungulia shafti: injini inazunguka, shafti imelala usingizi. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye giaboksi na mpini kwenye sikio, ule mchezo wako, nikazisikia pleti za klachi zinateleza humo ndani. Injini nzima, giaboksi ndiyo imekufa, pleti zimeungua. Nikampa ile oili kidoleni aonje kwa pua. Akanusa, akanitazama, mdomo ukabaki wazi. Akaniita "shifu". Shifu ni fundi, Baba. Mimi!

Jana akanichukua tukatafute giaboksi nyingine kwa muuza vyuma vya boti vilivyokwisha kutumika. Walahi sikujua naenda kukutana na nini.

Muuzaji alikuwa nazo mbili, pacha, rangi moja, saizi moja, matundu ya bolti yale yale. Nikashika ya karibu. Mzee Liang akanipiga kofi mkononi. Akagusa kibati cha maandishi ubavuni mwa ile niliyoishika, akachora duara hewani kwenda kushoto, akakunja uso. Akagusa kibati cha ile ya pili, akachora duara kwenda kulia, akasema, "You."

"Ndiyo, ipo, nimeiona," nikamjibu.

Akatikisa kichwa. Akalisema tena, sauti akiibwaga chini mara moja, puh! Halafu akasema "you" nyingine, sauti inashuka kidogo kisha inapanda. Nikadhani mzee ananitania. Akachovya kidole kwenye grisi, akaandika juu ya katoni herufi mbili. Juu zinafanana, zina kama paa lililoinama. Chini ya paa moja kuna kisanduku, chini ya lingine kuna kama ngazi. Yenye ngazi ni ipo. Yenye kisanduku ni kulia, maana aliionyesha kisha akainua mkono wa kulia. Mimi nilijua kulia ni "you", maana ndivyo ninavyowaelekeza madereva wa teksi, huku nawanyooshea kidole. Na ipo pia nilijua ni "you". Ila miaka sita yote niliyokaa huku sikujua kwamba masikioni mwao hayo ni maneno mawili, na kwamba mimi natamka moja tu.

Umeshakumbuka, Baba, au bado?

Uliniagiza giaboksi ya boti ya Bwana Mhina, ile inayopandisha watu na nazi mto Pangani. Uliniandikia kabisa: iwe ya kuzunguka kulia. Nikaenda dukani, nikashika giaboksi, nikamuuliza muuzaji kwa kujiamini kote, "You?" Naye akacheka, "You, you!" Mimi nauliza, ni ya kulia? Yeye ananijibu, ipo, ipo! Akanifungia aliyokuwa nayo.

Picha ya kibati cha giaboksi niliyokutumia ninayo kwenye simu mpaka leo. Nikaitafuta pale pale, nikaikuza. Paa lililoinama lipo. Chini yake hakuna kisanduku. Kuna alama kama herufi I kubwa. Nikampa Mzee Liang simu. Akatazama, akanyanyua kidole, akachora duara hewani. Kushoto.

Lahaula! Nilikaa chini kwenye grisi na baibui langu.

Baba, ulisema. Siku ile uliyoifunga, ukaweka gia ya mbele boti ikarudi nyuma ikagonga ngazi za gati, ulinipigia hapo hapo ukasema, "Saumu, hii si ya kulia, wamekupa ya kushoto." Bwana Mhina akataka laudspika asikie mwenyewe, na watu wote wa gatini wamesimama. Nami nikasema nini? "Baba, niliuliza mara mbili. Labda umefunga vibaya. Macho yako siku hizi." Niliwasikia wakicheka. Wewe hukubishana. Ulisema tu, "Haya mwanangu," simu ikakatika.

Fundi wa Tanga akaja na giaboksi yake, boti ikaenda, watu wakasema mnaona? Yetu ikarudishwa uani, kuku wa Mama anaatamia juu yake. Mama akaniambia kisanduku chako cha spana umekitia kufuli ukakisukuma uvunguni, na mtu akija na injini unamwambia macho hayaoni tena. Ulikuwa unayasema maneno yangu! Na mimi nikatuma miwani. Yarabi, nilituma miwani!

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulivunja mtu. Naona aibu. Naona aibu hata kwa Mzee Liang, ambaye hajui kitu. Nilipomsimulia Fatma, yeye asiyekosa utani akasema, "Basi hiyo giaboksi ya kulia ndiyo hii ikulizayo." Nilitaka kucheka, nikalia kweli.

Kama huniamini, na una haki, mfukuze kuku, futa kile kibati. Utaona paa, na chini yake I. Macho yako yalikuwa mazima, Baba. Mikono yako pia. Mabovu yalikuwa masikio ya mwanao. Naomba radhi yako, maana bila hiyo hata hizi nguo ninazouza sioni zinanifikisha wapi.

Na nina ombi. Ukiipata barua hii, Ijumaa baada ya sala, kaka Hamisi akusindikize gatini. Bwana Mhina awepo, na wale waliocheka wawepo. Nipigieni, muweke laudspika. Nataka niseme mbele yao kwamba fundi alikuwa sahihi na aliyekosea ni binti yake. Nilikuvunjia heshima kwa laudspika, nami nitairudisha kwa laudspika. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini niache niteke mengine.

Nisalimie Mama, na umwambie samahani kwa usumbufu wa kuku. Nisalimie shangazi wa Bweni, kitambaa chake cha kijani nimekipata. Kaka Hamisi mwambie asije akasahau kuchaji simu.

Nilisahau kukwambia mwisho wa ile boti. Leo asubuhi tumeifunga giaboksi ya kulia, mchana tumeijaribu. Mbele ikaenda mbele, nyuma ikarudi nyuma, na Mzee Liang akapiga makofi peke yake juu ya deki. Kisha akaniuliza, "You meiyou shifu?" Yaani, una fundi aliyekufundisha, au huna? Nikaiweka sauti sawa, nikaishusha, nikaipandisha, nisije nikakosea tena. Nikamwambia, "You."

Mimi, binti wa fundi,
Saumu