Vinyama Kwenye Nta

Jumatatu, 6 Machi
Nimerudi hoi. Anemoni wote, wale wanyama laini wa baharini, wamejikunja! Profesa aliwataka wazi, minyiri yote, ile mikono yao myembamba, nje, ili tukiwakata vipande vyembamba tuone tishu zilivyopangika. Mimi nikawamwagia formalini, dawa ya kuhifadhi, mapema mno. Wakajifunga kama ngumi. Wanyama gani hawa! Majini utadhani maua, ukiwaudhi, vifungo vya koti.
Profesa hakugomba. Kasema tu tuanze upya. Bora angegomba.
Nyumbani Dada kaniuliza tena kama kazini nimesikia lolote kutoka hospitali. Nisikie wapi? Maabara yetu ni ya viumbe vya baharini, siyo ya watu. Wiki iliyopita walimkata kinyama kwenye uvimbe wa titi, wakapime. Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, haogopi mtu. Lakini simu sasa anaenda nayo hadi chooni.

Jumanne, 7 Machi
Leo nimewalaza usingizi kwanza. Chumvi ya magnesia kwenye maji yao, tone baada ya tone, asubuhi nzima. Mgongo wangu! Ukiharakisha wanajikunja, ukizubaa wanaanza kuoza. Bwana Kesho kapita — mtunza stoo wetu, kila ukimwomba kitu jibu ni kesho — akasema nawabembeleza hawa kuliko nilivyombembeleza mume wangu. Nikamwambia ndiyo maana hawa hawajanikimbia. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.
Mchana nikamgusa mmoja kwa unywele. Kimya kama maji mtungini. Formalini ikaingia, minyiri ikabaki wazi. Afadhali.

Alhamisi, 9 Machi
Spiriti nyepesi, kisha kali, kisha kali zaidi, mpaka maji yote yawatoke. Halafu nta ya moto, ikiganda wakatike vyembamba. Kichwa kinaniuma kwa harufu.
Jioni tukimenya viazi, Dada kauliza kile kinyama chake kinafanywa nini huko. Nikamweleza: formalini, spiriti, nta, wembe, rangi, darubini. Kama hawa wangu tu. Nilinogewa na maelezo, mjinga mimi! Kisu chake kikasimama.
"Kwa hiyo kiko mikononi mwa mtu kama wewe."
"Ndiyo, Dada."
"Na wewe huwa hukosei?"
Nikasema huwa tunaangalia sana. Ya Jumatatu sikumtajia.

Ijumaa, 10 Machi
Kukata tu. Utepe wa nta unakatika, unajiviringa, unanata kwenye kidole. Ukipumua, umepeperuka. Sina la zaidi.

Jumatatu, 13 Machi
Vioo vya darubini vimekubali! Rangi imeshika vizuri, seli zimejipanga safu safu, pinki na zambarau. Profesa kainamia darubini mpaka nikadhani kasinzia. Alipoinuka akasema niende nyumbani mapema, nimestahili.
Nikaja. Dada alikuwa mlangoni, anacheka. Hospitali wamepiga simu! Ati hawajamaliza, wanakata tena kile kile kinyama, ndani zaidi, aende Jumatano. Hawakusema neno baya. Akanishika mabega. "Ni vizuri, siyo?"
Nikasema kupigiwa simu ni vizuri.
Hakuniondolea macho. Kicheko kikaisha polepole. "Wewe ukikata tena, huwa kwa nini?"
Nikasema ngoja nikabadilishe nguo.
Niko chumbani. Viatu sijavua. Huenda wembe wao ulikuwa butu. Huenda kipande kilikunjika, mbona vyangu vinakunjika kila siku! Huenda. Lakini ndani zaidi hukati ovyo. Unakata hivyo mtu akishaona kitu na hataki kukisema kabla hajakiona tena.
Na huenda siyo. Hata hilo ni kweli.
Anagonga. Hagongi kwa nguvu. "Mdogo wangu, fungua. Usiniambie kama ndugu. Niambie kama fundi."
Nakuja, nimemwambia. Nakuja, Dada.
Bado nimekaa.